Safu ya Maneno Yenyewe

Ilianza Jumanne tarehe 15 Julai 2008, saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni, kwenye foleni ya githeri, mahindi na maharagwe ya kila jioni. Najua mpaka dakika kwa sababu niliiandika kwa mkono wangu. Kitabu cha lugha kilikuwa na safu ya saa, na mimi ndiye nilikuwa kiranja wa lugha, kidato cha tatu, katika shule ya bweni ya wasichana nje kidogo ya Kitale.

Sheria ilikuwa hivi. Jumatatu mpaka Alhamisi ni Kiingereza. Ijumaa ni Kiswahili. Lugha ya nyumbani na Sheng hazikuwa na siku yao. Ukikosea unaandikwa, na ukiandikwa unaosha sufuria za jikoni Jumamosi, zile kubwa ambazo lazima uingize nusu ya mwili ndipo ufikie chini.

Zamani kitabu kilikuwa na safu tatu tu: jina, darasa, saa. Lakini wasichana walikuwa wanakana. "Mimi? Mimi nilikuwa nakohoa, Mwalimu." Basi naibu wa mwalimu mkuu, ambaye shule nzima tulimwita Diputi, akachukua rula na kuchora safu ya nne, akaandika juu yake kwa herufi kubwa: MANENO YENYEWE. Kuanzia siku hiyo kiranja alitakiwa kuandika kile hasa mtu alichosema. Safu yenyewe ilikuwa nyembamba, upana wa vidole vitatu.

Mimi nilichaguliwa kwa sababu siongei. Nikijibu darasani mwalimu huniambia nirudie, nirudie tena, mwishowe anachoka na kumwuliza jirani yangu nimesema nini. Siku ya kuchaguliwa Diputi alinisimamisha mbele ya wote akasema, "Huyu hana kelele na mwandiko wake unasomeka. Ataandika wanaoongea." Walicheka. Mimi niliangalia viatu vyangu, lakini moyoni nilifurahi. Nilidhani kuandika ni kazi ya mtu anayetaka kukaa kando.

Jirani yangu wa darasani ndiye rafiki yangu. Yeye alikuwa na sauti ya watu wote. Alikuwa anaweza kukuletea mpishi, mhubiri wa Jumapili, mwalimu wa hesabu akitafuta chaki ambayo ameishika, na ukifumba macho ungeapa mtu huyo ameingia. Kwao ni Kipsongo, mtaa wa mabanda wa Kitale. Mama yake alikuwa anafagia mahindi yanayomwagika malori yakipakia kwenye maghala, anayapepeta na kuyauza kwa mkebe. Karo ya rafiki yangu ililipwa na watu wa kanisa moja, nao walikuwa wamemwambia wazi: barua moja mbaya kutoka shuleni, basi. Aliniambia hivyo mara moja tu, tukifua, halafu akaanza kumwiga yule mzee wa kanisa aliyemwambia, mpaka nikasahau kuogopa.

Mwaka ule ulikuwa mbaya. Januari, baada ya uchaguzi, watu walikuwa wamekimbiana, na wasichana wengine wa darasa letu hawakurudi tena. Ilipofika Julai redio zikawa zinataja shule zinazochomwa, leo hapa, kesho kule. Ukikutwa na kiberiti sandukuni ulikuwa unaenda nyumbani. Usiku tulikuwa tunalala na sweta, viatu vikiwa karibu, kwa sababu mtu alisema madirisha ya bweni letu, tuliloliita domu, yana nondo na mlango ni mmoja. Kila mtu alikuwa anamwangalia mwenzake.

Asubuhi ya Jumanne hiyo tulichelewa paredi kwa ajili ya mvua. Diputi alikuwa amesimama na mwavuli, suruali imelowa mpaka magotini. Hasira ikimpanda yeye hufumba macho na kuvuta suruali juu, na maneno yake huanza juu kabisa halafu yanashuka polepole mpaka yanakuwa mnong'ono, na huo mnong'ono ndio unaotisha. Alisema, kwa Kiswahili, ingawa ilikuwa siku ya Kiingereza, "Mnasikia wenzenu wanachoma shule? Kama na nyinyi hamtaki kusoma, semeni tu! Msisumbuke! Nitaleta kiberiti mimi mwenyewe, nichome hiyo domu, twende nyumbani." Hilo la "twende nyumbani" lilikuwa chini hata mstari wa nyuma walilazimika kunyoosha shingo. Kisha tukaimba wimbo wa taifa tukaingia darasani.

Ilikuwa kejeli ya mwalimu aliyechoka na mvua. Hata sisi tulielewa.

Jioni kwenye foleni wasichana wakamzunguka rafiki yangu.

"Ebu tufanyie Diputi. Aki kidogo tu."

"Leo ni Kiingereza," rafiki yangu akasema, akinitazama mimi na kitabu changu.

"Si Diputi mwenyewe alipiga Kiswahili asubuhi? Fanya bana, githeri iteremke."

Akafanya. Alifumba macho, akavuta sketi juu kama suruali, akaanza juu akashuka, na alipofika "twende nyumbani" sisi wote tulikuwa tumeinama kwa kicheko. Hata mimi. Sahani ya mtu ilianguka.

Nilipoinua kichwa, kiranja wa maakuli alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani.

"Na huyo humwandiki?" akaniuliza. "Ama kwa sababu ni beshte yako?"

Sasa niseme ukweli wote, kwa sababu hapa ndipo kosa langu lilipo. Kitabu changu hakikuwa na jina hata moja tangu Jumatatu. Diputi alikuwa na msemo wake kwamba kitabu kitupu ni kiranja mwongo, na kesho yake kilikuwa kinaenda kwake. Niliogopa. Nikajiambia ni sufuria tu, na sufuria nitamsaidia kusugua. Nikatoa kalamu. Jina, darasa, saa. Nilipofika safu ya nne ile nafasi haikutosha maneno yote, basi nikaandika ya mwisho, ambayo ndiyo niliyokuwa bado nayasikia: "Nitaleta kiberiti mimi mwenyewe, nichome hiyo domu, twende nyumbani."

Rafiki yangu alichungulia begani kwangu.

"Umeniandika kweli? Haya. Jumamosi utaingia kwa sufuria na mimi, mjinga wewe."

Alicheka. Kiranja wa maakuli naye alicheka kidogo. Hakuna kati yetu watatu aliyesoma kilichoandikwa pale kama mtu ambaye hakuwepo.

Alhamisi baada ya chai aliitwa ofisini. Alirudi wakati wa somo la mwisho, uso umevimba, akakaa bila kunitazama. Nikasubiri mpaka mwalimu ageukie ubao.

"Amesema nini?"

"Alinisomea," akanong'ona. "Aki venye alisoma, hata mimi niliogopa huyo mtu. Polepole, neno moja moja. Kama mtu anasoma hukumu."

"Si ungemwambia ni yeye ulikuwa unafanya?"

"Nilimwambia! Nikasema, hayo maneno si yangu, Mwalimu, ni yako, ya Jumanne. Halafu akasema hajawahi kusema upuuzi kama huo maisha yake yote, na sasa nimeongeza matusi kwa kosa."

Alikuwa amepewa barua. Aje Jumatatu saa nne na mzazi, aeleze mbele ya mwalimu mkuu na mjumbe wa bodi kwa nini asifukuzwe. Nakala ingeenda kwa watu wa kanisa.

Lakini kilichonitisha zaidi ni kwamba niliamini Diputi hadanganyi. Hakuyakumbuka. Alikuwa ameyasema kwa mdomo wake, kwenye mvua, yakaenda. Alipoyakuta kwenye karatasi, kwa mwandiko wangu wa kunyooka, chini ya jina la msichana kutoka Kipsongo, aliyaona ni ya mtu mwingine, mtu wa hatari.

Jioni hiyo niliwauliza wasichana wa bweni letu kama wangeenda nami kusema. Shule nzima ilikuwa imesikia pale paredi.

"Mimi nilikuwa nyuma," mmoja akasema. "Sikuskia poa."

"Mimi hiyo siku si nilikuwa kwa nesi?"

"We, ukisema Diputi alisema atachoma shule, unajua unasema nini? Mwaka huu? Mimi siko."

Ijumaa tulifunga kwa mapumziko ya katikati ya muhula, siku mbili tu. Mimi nilienda nyumbani Misikhu, upande wa Bungoma, ambako mama yangu anauza nguo za mitumba sokoni. Nilikaa naye Jumamosi nzima kibandani nikikunja sweta za watoto, nikikataa kila chakula alichonipa, mpaka akaniuliza kama nina mimba.

"Mama!"

"Basi sema. Mtoto hawezi kukunja sweta moja mara tano."

Mama huongea nami kwa lugha yetu ya nyumbani. Hapa ninamwandika kwa Kiswahili, kwa hiyo hata yeye tayari nimempunguza. Nilimweleza. Nilimwambia yule rafiki yangu anayekuja kwetu likizo atafukuzwa kwa sababu alisema, nikayasema yale maneno kama yalivyo kitabuni, kwa sauti yangu hii, nikiangalia chini: nitaleta kiberiti mimi mwenyewe, nichome hiyo domu, twende nyumbani.

Mama aliacha kazi. "Alisema hivyo? Huyo msichana aliyelala nyumbani kwangu?" Akashika kifua. "Kaa mbali naye. Haki wamfukuze. Nyinyi mnalala humo ndani!"

"Hapana, Mama. Hakusema hivyo."

"Si ndiyo umesema sasa hivi?"

Nilitazama kama kuna mteja. Hapakuwa na mtu, ila mwanamke wa kibanda cha pili aliyekuwa amelala juu ya mzigo wake. Nikasimama. Nikafumba macho, nikavuta sketi juu, nikayasema yote tangu mwanzo, juu mpaka chini, kama nilivyomsikia rafiki yangu akiyasema. Sijui sauti ilitoka wapi. Nilipofumbua macho Mama alikuwa ameinama juu ya nguo, mabega yanatikisika, na mwanamke wa pili alikuwa ameamka anauliza, "Huyo ni mwalimu gani? Wa kwenu pia yuko hivyo?"

Mama alifuta machozi na ncha ya leso. Halafu kicheko kikamwisha ghafla.

"Usiende kufanya hivyo mbele yake," akasema. "Unasikia? Mwenzako alifanya nyuma yake na ona. Wewe ukifanya mbele yake, wewe ndiye utaletwa hapa na sanduku. Kuna watu wa kusema. Wewe nyamaza usome."

Tukaendelea kukunja.

Jumapili jioni nilirudi shuleni na mpango wangu. Ningeandika. Kuandika nilikuwa naweza. Wakati wa masomo ya jioni nilijaza kurasa mbili: paredi, mvua, mwavuli, foleni, nafasi ya vidole vitatu. Niliandika "alikuwa anaiga", nikapiga mstari chini yake. Niliandika "kwa utani". Nikasoma kile nilichoandika, nikaweka kalamu chini, kwa sababu barua ile ilisema, ukiisoma kama mgeni, kwamba naibu wa mwalimu mkuu alitishia kuchoma shule mbele ya wanafunzi. Nilitaka kumtoa mtu mmoja kwenye karatasi, nikawa namwingiza wa pili.

Nilimpelekea mwalimu wetu wa Kiswahili. Alikuwa mwalimu wa mazoezi kutoka chuo kikuu, msichana tu, na aliishi chumba cha nyuma ya maktaba. Alisoma akiwa amesimama mlangoni.

"Mimi nilikuwa paredi," akasema. "Ni kweli."

"Basi, Mwalimu, kesho utasema?"

Alikunja barua, akaikunjua.

"Chuoni tunafundishwa kwamba lugha ni ile ya mdomoni," akasema. "Maandishi yalikuja baadaye, na hayabebi kila kitu. Wewe unatoka huku, unajua mahindi. Ukiona gunia, unaona mahindi? Unaona gunia. Kile kitabu chenu ni gunia. Na hii barua ni gunia la pili umeweka juu ya la kwanza. Umeandika 'alikuwa anaiga'. Atakayesoma atasikia aliiga vipi?"

"Lakini wewe ulisikia."

"Nilisikia." Sauti yake ilishuka. "Lakini Diputi ndiye anaandika ripoti yangu ya mazoezi. Wiki ijayo. Nisamehe."

Akanirudishia barua. Alichungulia upande wa ofisi kama kuna aliyetuona, na hapo ndipo nilipoogopa kabisa, kwa sababu nilikuwa nadhani woga ni wa wanafunzi.

Jumatatu saa nne niliitwa kama mwenye mwandiko. Ofisini walikuwa wamekaa mwalimu mkuu, ambaye tulimwita Madam, Diputi, karani wa kuandika kumbukumbu, na mjumbe wa bodi, mzee mkulima wa upande wa Moi's Bridge aliyekuja na gambuti zenye matope. Rafiki yangu alisimama ukutani. Mama yake alikaa kwenye ukingo wa kiti kana kwamba ataambiwa akipishe. Alikuwa amevaa koti la mvua la kiume na amefunga kitambaa kipya.

Madam alisukuma kitabu kwangu. "Huu ni mwandiko wa nani?"

"Wangu, Madam."

"Sema tusikie."

"Wangu."

"Maneno haya aliyasema?"

"Ndiyo, lakini..."

"Aliyasema au hakuyasema?"

Nilisikia karani akisubiri na kalamu. "Aliyasema."

Rafiki yangu alifumba macho. Diputi alikuwa na mikono mezani, na nikaona amechoka pia, kola yake imepindika upande mmoja.

Mama yake rafiki yangu ndiye aliyeongea. "Naomba hicho kitabu, Madam."

Alikipokea kwa mikono miwili. "Ni wapi hapo?"

Karani akamwonyesha. Yule mama akaweka kidole juu ya mstari wangu. Hakuwa anasoma, hilo lilionekana. Alikuwa anagusa tu.

"Sasa hapa," akasema, "inasema alikuwa amekasirika, ama alikuwa anacheka?"

"Mama, hapo kuna maneno tu," mjumbe wa bodi akamwambia, si kwa ubaya.

"Mimi nimemzaa huyu. Akikasirika hasemi kitu. Analala bila kula. Akisema mengi, ujue ni mchezo. Kwa hivyo nauliza hiki kitabu, alikuwa anacheka?"

Akanigeuzia mimi macho, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimesimama karibu.

"Mama, alikuwa anacheka," nikasema. Halafu nikasema, "Alikuwa anafanya mtu mwingine."

"Tumeshasikia hayo," Diputi akasema.

"Naomba nionyeshe."

Sijui kama nilisema kwa nguvu au la. Madam alisema, "Onyesha nini?" na kama ningesubiri kujibu nisingeweza tena. Nikafumba macho. Nikaishika sketi, nikaivuta juu. Nikaanza. "Mnasikia wenzenu wanachoma shule?" Ya kwanza ilitoka nyembamba, ikakatika. Nikameza, nikaanza tena, juu zaidi. "Kama na nyinyi hamtaki kusoma, semeni tu! Msisumbuke!" Sikuwa namwiga Diputi, nisingethubutu. Nilikuwa namwiga rafiki yangu akimwiga yeye. Nikateremka, neno kwa neno, "mimi mwenyewe" nikalivuta kama linavyovutwa, na "twende nyumbani" nikalisema chini sana, na lilipokwisha nilikaa na macho yangu yamefungwa kwa sababu sikuwa na haraka ya kuona.

Kitu cha kwanza nilichosikia ni gambuti. Mjumbe wa bodi alikuwa anasugua miguu sakafuni, leso mdomoni. "Lo!" akasema ndani ya leso. "Mwalimu! Huyo ni wewe kabisa."

Nikafumbua. Mdomo wa Madam ulikuwa umekazwa upande mmoja. Karani alikuwa ameinamia daftari lake chini kuliko kawaida. Diputi peke yake hakubadilika. Alivuta kitabu kikaja mbele yake, akasoma mstari wangu. Midomo yake ilicheza. Alisoma mara ya pili, na safari hii kulikuwa na sauti kidogo, nikaisikia ikipanda na kushuka mahali pake.

"Nilisema," akasema. "Jumanne. Kulikuwa na mvua."

Kutoka jikoni tukasikia wakipasua kuni.

"Lakini kuiga walimu si ruhusa," akaongeza, akimwambia Madam, si sisi.

"Si ruhusa," Madam akakubali.

Ndivyo ilivyoisha. Rafiki yangu alipewa wiki moja nyumbani, si kufukuzwa, na akirudi mistari minne ya sukuma wiki ya kupalilia. Barua ya kanisa haikutumwa. Mimi niliondolewa ukiranja, nikapewa mistari minne pia, kwa kucheka kwenye foleni badala ya kufanya kazi, na kwa kuandika nusu ya maneno. Mama yake rafiki yangu alinishika mkono mlangoni. Kiganja chake kilikuwa kigumu. Rafiki yangu ndiye aliyesema.

"Ulikosea pale kwa 'semeni tu'. Yeye anavuta zaidi."

"Nyamaza, utasikika."

"Siku moja nitakufundisha," akasema. Alikuwa analia na pua inamtoka. Wakaondoka wawili, koti la kiume mbele, sanduku nyuma.

Mimi nilikuwa nimebaki peke yangu koridoni nikiwatazama mpaka getini, ndipo Diputi akatoka. Akasimama. Nilitazama kola yake.

"Kumbe una sauti," akasema, akaenda zake.

Mchana nilipita kwa karani kurudisha kalamu ya shule, na daftari la kumbukumbu lilikuwa wazi mezani. Nilitafuta pale tulipofika sisi. Alikuwa ameandika: "Kiranja wa lugha alitoa maelezo." Basi. Mvua haikuwemo, sketi haikuwemo, wala swali la mama yule.

Usiku huo sikulala vizuri. Nilikuwa nimeandika katika shajara yangu yale maneno matatu ya Diputi ya pale koridoni, na nikajaribu kuyasoma kila namna, kwa hasira, kwa mshangao, kwa upole. Yalikubali kila namna. Na mimi niliyekuwepo, niliyeyasikia kwa masikio yangu, nilikuwa naogopa sana wakati ule hata sikushika yalisemwaje. Muhula ulikuwa umebaki wiki tatu na yeye ndiye aliyekuwa anatufundisha historia.

Asubuhi yake, Jumanne, niliamka kabla ya kengele, nikachukua jembe stoo nikaenda shambani. Kulikuwa na ukungu na baridi ya kuuma vidole. Nilipalilia mistari yangu minne. Nikiwa kwenye wa mwisho Diputi alipita njiani na mwavuli wake, na nikamsalimia kwa Kiingereza, kwa nguvu kuliko nilivyokusudia, naye akaitikia bila kusimama. Nikangoja mpaka hatua zake zikapotea upande wa ofisi. Kengele ya uji ikalia, wasichana wakaanza kukimbilia foleni na vikombe, wakapiga kelele kwa lugha zote walizokuwa nazo. Mimi nikahamia mstari wa tano, wa kwanza wa rafiki yangu, nikaendelea kulima.